Jicho Moja Juu ya Kisima

Fundi hakuwahi kumimina chai hewani. Alisogeza mdomo wa birika mpaka uguse ukingo wa kikombe, akasikiliza ule mgongano mdogo wa chuma na chuma, ndipo akainamisha mkono. Mara ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo, kwenye kibanda cha chai mkabala na duka langu pale Riruta Satellite, nilidhani ni madaha ya wazee. Kisha akageuka kutafuta sukari, nikaona kwamba jicho lake la kushoto halikuwapo. Kope zilikuwa zimeshikana, na juu yake nyusi zilikuwa zimebaki nene kama za kijana.

Nilimjua kwa miaka kumi na moja, na miaka hiyo yote nilimwita Fundi tu. Mafundi ni wengi upande wetu. Mimi mwenyewe ni fundi, nafunga kamera za ulinzi madukani na kwenye maploti ya vyumba vya kupanga. Lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu wa Kawangware walijua ni yule mzee mrefu wa gambuti anayetoka Kibera, yule wa kutoa vitu visimani. Yeye aliniita nyar Satellite, yaani msichana wa Satellite kwa lugha ya kwao, na aliendelea kuniita hivyo hata baada ya mwanangu wa kwanza kumaliza shule ya msingi.

Visima vya kuchimbwa kwa mkono bado viko vingi kwetu. Maji ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, huja yakipenda, kwa hiyo mwenye ploti huwa na kisima nyuma ya vyumba, futi hamsini au sitini, na pampu inayoning'inia ndani kwa kamba. Kamba huoza, pampu huanguka. Zamani pampu ikianguka, mtu alifungwa kiunoni akateremshwa kuifuata. Fundi alikuja dukani kwangu kwa sababu ya hilo. Aliweka kofia yake juu ya meza na kusema, "Nataka kamera ya kuingia kisimani. Mimi siingii tena, na mtu mwingine haingii."

Nilimuuliza kwa nini. Akaniuliza kamera itakuwa tayari lini.

Nilichukua kamera ndogo ya mlangoni, nikaitia ndani ya chupa ya jamu pamoja na taa nne ndogo, nikaziba mfuniko kwa silikoni. Nikaongeza waya wa futi sabini, betri ya gari na televisheni ndogo ya zamani. Kazi ya kwanza ilikuwa kwa Shosho. Shosho alikuwa mjane Mkikuyu mwenye ploti, ambaye ukoo wake ulikaa hapo Kawangware tangu palipokuwa mashamba ya mahindi, na sasa shamba lake lilikuwa vyumba thelathini na sita vya mabati. Pampu yake ilikuwa imelala chini ya maji siku ya tatu. Wapangaji walikuwa wakipanga mitungi kwa muuza maji barabarani, na asubuhi hiyo wanawake wawili walikuwa wameshikana kwa ajili ya nafasi kwenye foleni.

Nilifunga kamera kwenye kamba ileile ya ndoano, shubiri mbili juu yake. Niliona nimetumia akili: ndoano ikienda, kamera inaenda nayo. Ndoano yenyewe Fundi alikuwa ameikunja kwa nondo, vidole vitatu vilivyopinda kama mguu wa kuku. Tukateremsha. Kwenye skrini ndoano ilitulia katikati kama imepigiliwa msumari, na kisima kizima kikaanza kuizunguka. Ukuta ulipita, maji yakapita, pampu ikachungulia kwenye kona ikatoweka. Fundi alivuta kamba kulia, kisima kikakimbia kushoto. Akajaribu kwa dakika kumi hivi, akaanza kutoka jasho, mwishowe akafunga kamba kwenye mti na kufuta uso.

"Hii inanionyesha ndoano," akasema. "Ndoano naijua. Niliikunja mwenyewe."

Basi nikaitoa kamera kwenye kamba, nikaining'iniza peke yake katikati ya kisima, ikitazama chini moja kwa moja. Sasa kisima kilitulia na ndoano ndiyo iliyotembea. Tuliona vizuri. Fundi aliileta ndoano polepole juu ya mkono wa pampu, nikamwambia, "Hapo, vuta," akavuta, ikaja tupu. Akarudia. Ikaja tupu. Mara sita.

Shosho alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akitazama televisheni pamoja nasi. "Si mmeishika?" akasema. "Mimi naiona imeshikwa."

"Kutoka juu kila kitu kinaonekana kimeshikwa, Shosho," Fundi akamjibu.

Akaomba kikombe. Akakiweka chini, akaniambia nisimame juu yake nifunge jicho moja, kisha akanyoosha kidole chake juu ya kikombe. "Kidole kimegusa?" Nikasema kimegusa. "Fungua lile lingine." Nilipofungua, kidole kilikuwa juu ya kikombe kwa shubiri nzima.

"Kamera yako ni kilema kama mimi," akasema. "Ina jicho moja. Usiiweke mahali panapotaka mawili."

Tukaishusha upya, safari hii kando ya ukuta, nikaiinamisha ili itazame ndoano kwa ubavu. Hapo ndipo nilipoona kile ambacho tulikuwa tukikikosa asubuhi yote: nafasi. Kati ya ndoano na pampu kulikuwa na giza dogo la maji, na giza lile lilipungua kadiri ndoano ilivyoshuka. Lakini mikono ya Fundi ikapotea tena. Alikuwa amesimama ng'ambo ya kisima, akielekeana na kamera, kwa hiyo kulia kwake kulikuwa kushoto kwenye skrini, na akivuta kuja kwake, ndoano inakwenda mbali. Nikabonyeza kitufe cha kugeuza picha. Kulia kukawa kulia, lakini mbele kukabaki nyuma. Nilikuwa natafuta kitufe kingine nilipoona amechukua kamba yake na kuanza kutembea. Alizunguka mdomo wa kisima hatua kwa hatua mpaka akasimama pale juu ambapo kamera ilikuwa inaning'inia, mgongo wake upande uleule wa mgongo wa kamera. Akaniagiza nihamishe televisheni iwe mbele yake, ng'ambo ya shimo.

"Nitahama mimi," akasema. "Ni rahisi kuliko kuhamisha kichwa."

Ndoano ilishika mara ya pili. Pampu ilipanda ikichuruzika tope, na wapangaji waliokuwa wamesimama kwenye milango yao wakarudi ndani kuchukua mitungi. Shosho alimtuma mtu soda mbili, na Fundi akainywa yake akiwa amesimama palepale, kama mtu asiyetaka kusahau mahali pa miguu yake.

Tangu siku hiyo tulifanya kazi hivyo. Mimi nilishika kamera, yeye kamba. Kuna jambo lingine alilonifundisha, na nilikuwa nimeliona mwilini mwake kabla ya kulielewa. Alipotaka kushika kitu, mkono wa mtu anayemsalimia, komeo la mlango, sahani, kwanza alitikisa kichwa kidogo upande huu na upande ule. Watoto wa Kawangware walimwiga wakifuatana nyuma yake, wakitikisa vichwa kama kuku. Hakuwafukuza. Kisimani aliniambia, "Itikise," nami nikaisogeza kamera shubiri moja kushoto, shubiri moja kulia. Kilicho karibu kinaruka sana kwenye picha, kilicho mbali kinajivuta. Ndoano na pampu zikiruka sawasawa, ziko mahali pamoja. "Zikicheza pamoja, vuta," alisema. Na mkono wake haukuwa na haraka, kwa sababu kwenye kamba ndefu mkono husonga sasa na ndoano husonga baadaye. Nilijifunza kungoja ile baadaye. Tope likichafuka alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akasema tungoje maji yatulie, na kama ni saa nzima, tulikaa saa nzima.

Kuhusu jicho lake alikuwa mwongo mkubwa. Watoto aliwaambia amemwazima mtu, naye hajalirudisha. Mwenye ploti mmoja wa Satellite aliambiwa ni mpira wa miguu, wakati Fundi akiwa golikipa. Shosho aliambiwa ni nyuki. Nilimsikia kwa masikio yangu akimpa kasisi hadithi ya mke wa kwanza na mwiko wa ugali, na kasisi akatikisa kichwa kwa huzuni. Mimi sikumuuliza, na nadhani hiyo ndiyo sababu mwishowe nilipewa ile ya kweli.

Uongo wake mwingine ulikuwa wa kazi. Siku moja tulikuwa kwenye ploti ya jamaa fulani, na ndoano imekataa kwa saa mbili. Keateka wa hapo, yaani mtunza ploti, mwanamume mwenye nguvu na asiye na subira, alikuwa ameshavua shati.

"Fundi, mimi naingia tu. Dakika mbili niko nje."

Fundi hakumtazama. Alikuwa anatazama skrini. "Nyar Satellite," akaniuliza, "umeiona hiyo?"

Sikuona kitu isipokuwa ukuta na jerikeni kuukuu. Lakini nilijua sauti yake.

"Nimeiona," nikasema.

"Nyoka," akamwambia keateka. "Amejikunja kwenye ukuta. Mrefu. Ingia kama unataka, lakini mwenye ploti aitwe kwanza."

Keateka akavaa shati lake. Pampu tuliitoa kesho yake. Tukiwa tunarudi nilimuuliza ni nyoka gani aliyeweza kukaa futi arobaini chini ya ardhi.

"Hewa mbaya haionekani kwenye kamera," akasema. "Ningemwambia hewa, angecheka. Nyoka anamwelewa."

Ni siku hiyo aliponiambia kwa nini haingii. Tulikuwa tumeketi kwenye kibanda cha chai, na alisimulia kana kwamba anaeleza njia ya kwenda mahali. Walikuwa wachimbaji watatu. Walikuwa wameteremsha mashine ya petroli ndani ya kisima ili itoe maji, ikapiga kazi humo ndani asubuhi yote. Mchana mmoja wao akashuka kuizima. Akakaa chini, akaegemea ukuta kama mtu anayepumzika. Wa pili akamwita, hakuitika, akashuka kumwamsha, naye akakaa. Fundi alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi. Mwanamke aliyekuwa anafua pale akamshika shati kwa nyuma kwa mikono miwili, akakaa chini kabisa ili awe mzito, akapiga kelele mpaka watu wakaja.

"Niliwaona wote wawili kutoka juu," akasema. "Walionekana wamelala vizuri. Ungesema ukiita tena wataamka."

Akamaliza chai. Sikuwahi kumsikia akirudia hadithi hiyo.

Alikaa Kisumu Ndogo, huko Kibera, ndani kidogo kutoka kwa wauza dagaa wa omena, kwenye chumba alichokipanga zaidi ya miaka ishirini. Mke wake alikuwa nyumbani kwao upande wa ziwa, akilima, na mwana wao mkubwa alikuwa fundi wa magari huko Kisumu. Nilipokwenda kumtembelea nilikuta mtu ambaye sikumjua kazini. Yule mvumilivu wa saa nzima kwenye ndoo iliyogeuzwa aligombana na muuza omena kwa kipimo kimoja, akimimina, akirudisha, akidai kopo limebonyezwa kwa makusudi. Muuza omena naye alimngojea kila jioni ili wagombane. Kanisani aliimba sauti ya nne, vibaya, kwa bidii, na hakuna aliyethubutu kumwondoa kwa sababu ndiye aliyebeba viti. Samaki mwenye miiba hakula kwa watu. Kwake alimla taratibu kwa vidole, jicho likiwa dirishani, akiweka miiba kwenye ukingo wa sahani kwa mstari.

Na hakutaka kupigwa picha. Mtu aliyefanya kazi mbele ya kamera miaka yote hiyo alificha uso kila niliponyanyua simu. "Itanionyesha kutoka wapi?" aliuliza. Nikamwambia kutoka hapa nilipo. "Basi hiyo ni picha yako," akasema.

Sasa nafika kwenye mambo ya mwaka juzi.

Nilikuwa nimegundua kwamba anauliza zaidi. "Ikoje?" alisema. "Kushoto?" "Bado?" Nilidhani ananifundisha, kwamba anataka niseme kwa mdomo ninachokiona ili siku moja nifanye peke yangu. Nilijibu kila swali na nikajivunia. Kisha pampu ya Shosho ikaanguka tena, tukasimama kwenye kisima kilekile, yeye upande wake, televisheni mbele yake, Shosho kwenye kigoda, sasa akiwa na fimbo. Katikati ya kazi nilikohoa. Vumbi tu lilinipata kooni, nikashindwa kusema kwa muda. Ndoano ilifika kwenye pampu, ikaipita, ikaendelea kwenda.

"Naona," Fundi akasema. "Naona, naona."

Nikanyamaza kwa makusudi. Ndoano iligonga ukuta. Uso wake ulikuwa umeelekea televisheni, lakini si sawasawa. Ulielekea pembeni kidogo, mahali sauti yangu ilipokuwa ikitoka. Sijui nilikuwa nataka kuthibitisha nini. Nilinyoosha mkono, nikachomoa waya. Skrini ikawa nyeusi.

Shosho akanitazama.

"Hiyo hapo," akasema Fundi, akisogeza kamba kwa ule utulivu wake. "Nauona mkono wake. Inakuja."

Nilitamani niwe nimeacha waya mahali pake. Tulikuwa watu watatu, na wawili tulikuwa tunajua kitu ambacho wa tatu alidhani anakificha.

"Fundi," nikasema. "Skrini imezima."

Mikono yake ikasimama. Kamba iliendelea kucheza kidogo peke yake.

"Tangu lini?"

"Kitambo kidogo."

Shosho akajiinua kwa fimbo yake, akaingia ndani ya nyumba, akafunga mlango. Kwa mwanamke ambaye hakuwahi kukosa kuona chochote kwenye ploti yake, hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Fundi alikaa juu ya ndoo. Alikaa muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji kutulia. Kisha akasema, "Washa basi. Uniambie unachoona. Usinionee huruma, niambie tu."

Nikawasha. Nikaanza: "Sogea hapo. Hapana, pale. Sasa huku."

"Hapo ni wapi?" akasema. "Huku ni kwa nani? Sema kwa mkono wangu, si kwa jicho lako."

Ilinichukua muda. Ilibidi niache kusema ninachokiona na nianze kufikiri jinsi kinavyokuwa kwenye vidole vyake: kulia kwako, nusu shubiri. Kuja kifuani kwako. Shusha kidole kimoja. Ngoja. Bado inakuja. Sasa. Nilisimama nyuma yake kabisa, bega langu likigusa mgongo wake, ili kulia kwetu kuwe kumoja. Kamba ilipokaza yeye ndiye aliyejua kabla yangu. "Imeshika," akasema, na kwenye skrini mimi nilikuwa bado naona tope tu.

Tukiwa tunakunja waya nilimuuliza ni tangu lini. Akasema tangu Pasaka ya mwaka uliopita.

"Ungeanguka kisimani, Fundi."

"Mguu wangu unajua kisima."

"Na mimi ungeniambia lini?"

Aliendelea kukunja waya. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo nilikwenda nayo nyumbani, kwa sababu mtu aliyenikataza kusema uongo juu ya nusu shubiri alikuwa amenidanganya kwa mwaka mzima, na mimi, mwenye macho mawili, sikuona.

Nilimpeleka kwenye kliniki ya macho. Daktari, msichana mdogo mwenye sauti ya upole, alisema ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, umekomaa, unatolewa, na watu wengi huona vizuri baadaye. Fundi akashukuru, akavaa kofia, akatoka. Nilipomuuliza tutarudi lini akasema tutaona. Hiyo tutaona ilikwenda miezi minane. Nilikwenda Kisumu Ndogo Jumapili baada ya Jumapili. Nilimkuta amekaa mlangoni, akisikiliza redio, akiwatambua watu kwa sauti ya viatu vyao. Kila nilipotaja kliniki alitaja mvua.

Hatimaye nikamwambia sitasema tena. Nilimaanisha. Akapunguza redio.

"Hili la kushoto," akasema, "ni kipande cha jiwe. Nilikuwa nachimba, nyundo ikapiga mwamba, kikaruka. Halikuwa limepofuka. Nilikuwa naona mwanga, naona mtu akipita. Nikaenda hospitali, wakaniambia watalisafisha. Niliingia na macho mawili, nyar Satellite. Nikaamka nina moja. Labda hawakuwa na njia nyingine. Hakuna aliyekaa chini akanieleza." Akagusa uso chini ya lile lililobaki. "Sasa hili naona mwanga. Naona mtu akipita."

Nilichambua sukuma wiki aliyokuwa amenunua, nikamwachia kwenye sufuria, nikaondoka.

Wiki tatu baadaye alipiga simu mwenyewe. "Twende Jumanne," akasema, akakata. Sababu niliisikia kutoka kwa muuza omena. Mwana wake mkubwa alikuwa amekuja kutoka Kisumu bila kutoa habari, akasimama mlangoni akingoja kukaribishwa. Fundi alikuwa kitandani, uso umeelekea mlango. Aliendelea kusikiliza redio. Kijana alisimama pale na mfuko wake mkononi, akifikiri baba yake amekasirika, akijiuliza amekosa nini, mpaka akaweka mfuko chini, akaanza kulia kimyakimya. Ndipo Fundi akauliza ni nani yuko hapo. Alikuwa amemdhania koti lake lililotundikwa kwenye mlango.

Jumanne tulifika kliniki mapema. Kabla hawajamwingiza, Fundi aliomba kuzungumza na daktari. Nilidhani ataomba kurudi nyumbani.

"Ukifanya kazi," akamuuliza, "unatazama kwa jicho moja au mawili?"

Daktari akatabasamu. "Mawili, mzee. Darubini yetu ina mahali pa yote mawili."

"Na inatazama kutoka wapi?"

"Kutoka juu ya jicho lako. Mimi ninakaa upande wa kichwa chako, na mikono yangu iko chini ya darubini, mbele yangu."

Fundi alifikiri. "Kulia kwako ni kulia?"

"Kulia ni kulia."

"Basi sawa," akasema, akanipa kofia.

Walimlaza usiku mmoja na bandeji. Kesho yake asubuhi nilimkuta ameketi wima kitandani, mikono magotini, amevaa viatu tayari. Muuguzi alibandua plasta taratibu. Jicho lilikuwa jekundu, likitoa machozi. Alilifumba, akalifumbua, akalifumba tena. Muuguzi akanyanyua vidole.

"Ngapi, baba?"

"Vitatu," akasema. Kisha, baada ya muda: "Kucha ya hicho cha kati imevunjika."

Muuguzi akakitazama kidole chake, akacheka. Fundi akageuka upande wangu. Alinitazama kwa muda mrefu, bila kutikisa kichwa, na mimi sikujua niweke wapi mikono yangu.

"Kumbe una mvi," akasema.

"Nina mvi, ndiyo."

"Hukuniambia."

Tulipewa dawa ya matone na miwani nyeusi. Nilitaka tupande boda hadi steji ya matatu, akakataa, akasema atatembea. Basi tukashuka na barabara ya Kawangware, jua limeshaanza kuwa kali, yeye akiwa na miwani yake mikubwa na kofia, mimi nikimshika kiwiko, ingawa hakuhitaji. Na akaanza kusoma. Alisoma kila kibao tulichopita, kwa sauti, kama mtoto aliyejua kusoma jana. Kinyozi Baraka. Mayai jumla na rejareja. Tunatengeneza pasi, redio, na feni. Kanisa la Wokovu Kamili, mlango wa pili. Alisimama mbele ya hoteli akasema wameandika chapati kwa herufi mbili za t, akaingia kuwaambia, akatoka. Alisoma namba za milango. Alisoma karatasi zilizobandikwa juu ya karatasi nyingine kwenye nguzo za stima: mganga wa mapenzi, shule ya udereva, mtoto aliyepotea aliyevaa sweta ya kijani. Hiyo ya mtoto aliisoma mara mbili, akauliza kama amepatikana, nikasema sijui. Watu walitupita. Nilikuwa nimeacha duka limefungwa na simu yangu ililia mara kadhaa mfukoni, sikuishika.

Karibu na steji kulikuwa na geti jipya la bluu, na juu yake kibao kikubwa kilichopakwa rangi na mtu mwenye mkono mzuri. Fundi alisimama mbele yake, akainua miwani kidogo, ingawa daktari alikuwa amemkataza.

"Vyumba vya kupanga," akasoma. "Choo ndani. Ulinzi wa kutosha. Maji masaa ishirini na nne."

Akaishusha miwani.

"Uongo," akasema, kwa furaha kubwa, na tukaendelea hadi kibao kilichofuata.